Hema Ukingoni pa Toroweap

Chino Valley, Arizona
18 Agosti 1986

Shemeji Wendell,

Nakushukuru kwa kuja kumzika Orval. Kwa umri wako na ile nyonga yako, kuendesha gari kutoka Kanab mpaka huku si mchezo. Ila kinyongo kidogo ninacho. Watu wote waliingia ndani kula, wewe ukabaki garini kama dereva wa teksi. Nilikuja mpaka dirishani nikakupa mkono, nikakuambia kuna nyama na saladi ya viazi, ukasema umeshiba. Umeshiba nini, Wendell, upepo?

Haya, shida yangu ni hii. Oktoba nataka kwenda Korongo Kuu kupiga kambi. Usicheke. Najua miaka yote mliyokuwa mnakwenda wewe na Orval nilisema kulala chini ni kazi ya ng'ombe. Lakini nyumba hii imenishinda. Nikipika napika kingi, nikizima taa nasubiri mtu aniambie nimezima mapema. Nimewaza kwamba kama nitalala pale alipokuwa akilala, nikaona alichokuwa akikiona, labda nitatulia.

Hema lake ninalo. Nililisimamisha uani juzi, likaniangukia nikiwa ndani. Jirani yangu Thelma alikuja kunitoa huku anacheka mpaka machozi.

Sasa niambie, mlikuwa mnapiga kambi wapi hasa? Orval hakuwa msemaji. Nikimuuliza safari ilikuwaje, anasema, "Nzuri." Nikimuuliza Wendell hajambo, "Hajambo." Basi. Nataka mahali penye mandhari, lakini pawe na maji na choo, maana nina miaka sitini na tatu. Msalimie mkeo Thora. Nikipita kwenu nitakuletea keki ya tufaha kama zile nilizokuwa nakuokea kila Oktoba.

Ardith Kimsey


Kanab, Utah
27 Agosti 1986

Shemeji Ardith,

Thora na mimi tumefurahi kupata barua yako, na tumecheka hilo la hema. Yale ya msibani unisamehe. Siku ile sikuwa sawa.

Kuhusu kambi, mimi nakushauri nenda Mather, upande wa kusini. Ni karibu na kwako, lami mpaka mlangoni pa hema. Kuna maji ya bomba, bafu la maji moto, duka la mkate na maziwa. Unalala chini ya misonobari, asubuhi kulungu wanapita kama wateja sokoni, na ukitembea kidogo tu uko ukingoni, unaliona korongo lote limefunguka mbele yako. Wazee wengi hupenda pale.

Ukiona watu wamezidi, nenda Desert View, mashariki zaidi. Ni kambi ndogo, tulivu, ina miti ya mireteni. Karibu na hapo kuna mnara wa mawe, na kutoka pale unauona mto kama uzi wa kijani. Ila fika kabla ya mchana, nafasi huisha haraka.

Upande wa kaskazini, wa kwetu huku, usiusogelee. Oktoba theluji inaweza kuanguka ghafla. Kuna baridi, kuna nyoka, kuna barabara mbovu. Mimi na Orval tulikuwa tunabadilisha badilisha, mwaka huu hapa, mwaka ule pale, mara nyingi kusini.

Na keki zako nazikumbuka sana, hasa zile zabibu zilizolainika pamoja na tufaha.

Ndugu yako,
Wendell Shumway


Chino Valley
4 Septemba 1986

Shemeji,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Wewe ni mtu wa kanisa, hata kahawa hunywi, kwa hiyo nitakuuliza kwa adabu.

Orval alikuwa anarudi na vumbi jekundu mpaka masikioni. Mara mbili alirudi na pancha. Lami ya Mather inatoboa tairi? Bafu la maji moto unasema lipo, lakini mume wangu alikuwa akifika hapa ananuka moshi wa wiki nzima, namfungulia mlango wa nyuma apite moja kwa moja kuoga. Na mwaka mmoja, katika hali ya kusahau kwamba yeye si msemaji, aliniambia, "Ukilala pale unausikia mto unanguruma huko chini." Nimepiga simu ofisi ya hifadhi. Binti aliyepokea kanicheka. Kasema huko kusini mto uko mbali, huwezi kuusikia hata ukitega masikio mpaka asubuhi.

Akaniambia mahali pa kuusikia ni Toroweap, kaskazini. Barabara ya vumbi ya nusu siku, hakuna maji, hakuna uzio, mwamba umekatika wima mpaka mtoni. Nikamwambia ndiyo hapo hapo, asante binti.

Na jambo jingine. Keki zile hazina zabibu. Nimeacha kuweka zabibu miaka kumi sasa, kwa sababu Orval aliniambia wewe hutaki hata kuziona.

Nitakwenda Toroweap wiki ya pili ya Oktoba, siku zile zile alizokuwa akienda.

Ardith


Kanab
12 Septemba 1986

Shemeji Ardith,

Usiende Toroweap. Nakuomba.

Kama lazima uende kule, basi nenda sasa hivi Septemba, au subiri mwezi wa nne nikupeleke mwenyewe, nyonga na yote. Wiki ile ya Oktoba usiende. Nilitoa neno langu kwa mtu, na mtu huyo hayupo tena wa kunifungua. Thora anasema nikuambie tu. Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi na siwezi.

Nenda Desert View. Nitakuja tukutane huko, nitalisimamisha hema mwenyewe.

Wendell


Fredonia, Arizona
12 Oktoba 1986

Wendell,

Nakuandikia kutoka moteli ya hapa Fredonia, mwendo mfupi tu kutoka mlangoni kwako, na siji. Nikikuona leo sijui nitasema nini.

Nilifika Toroweap jana alasiri. Barabara ilikuwa kama ulivyosema, pikapu inaruka mpaka meno yanagongana. Nikaona magari mawili na mahema mawili, karibu kabisa na ukingo. Nikajisemea, vizuri, sitakuwa peke yangu. Mwanamke mmoja wa nywele fupi zenye mvi alikuwa amenipa mgongo, anapasua kuni. Nikazima injini. Bila kugeuka akasema, "Karibu, nafasi ipo, chagua tu upande usio na upepo." Sauti yake ikanipita. Ndipo nikamwona mwanamume akitoka kwenye hema na sufuria mkononi. Ni Gaylen. Mwanangu Gaylen, anayenipigia simu kila Krismasi kutoka Ely na kuniambia hana likizo ya kuja kunitembelea.

Akasimama. Yule mwanamke akageuka kuangalia anachokiangalia mwenzake. Ni Nadine.

Wewe unajua tangu lini sijamtazama Nadine usoni. Tangu siku aliyokwenda polisi kwa sherifu kumshtaki kaka yake, damu yake. Nilimwambia nyumbani kwangu asirudi, na hakurudi. Miaka kumi na miwili. Na sasa yuko pale na kaka yake, wanapika maharage kwenye moto mmoja, kama watu ambao hawajawahi kuachana hata siku moja.

Akaangusha shoka. Akasema, "Mama. Umekuja. Baba alisema kuna siku utakuja."

Nilidhani ananidhihaki. Mpaka sasa ninapoandika sijui kama alikuwa ananidhihaki. Nikashika mlango wa gari. Nikauliza, "Baba yenu alikuwa anakuja hapa? Kwenu?" Gaylen akasema, "Kila mwaka, Mama," kwa sauti ya mtu anayeshangaa swali. Nikaingia garini nikageuza.

Sikufika mbali, tairi likapasuka. Nilikaa ndani ya gari nikitazama mbele. Gaylen akaja nyuma yangu, akachukua jeki, akabadilisha tairi. Alipomaliza akaja dirishani akasema, "Unaendesha kama Baba. Rudi basi, Mama, chakula kipo." Nikapandisha kioo.

Ninyi wote mlijua. Mume wangu, mwanangu, wewe, Thora wako. Mimi peke yangu nilikuwa nyumbani nimekaa naoka keki. Nani alikuwa anaila, Wendell?

Ardith


St. George, Utah
20 Oktoba 1986

Mama,

Wendell alikuja kwangu Jumatano na barua yako mkononi. Hajawahi kulia mbele yangu, siku hiyo alilia. Aliniambia ulikuwa hujui. Nilimwambia anakosea. Nikamwambia, "Mama anajua, Baba alimwambia tangu mwanzo." Akatikisa kichwa tu.

Naomba usome mpaka mwisho, halafu unaweza kuitupa.

Baba alianza kuja kuniona mwaka wa sabini na sita. Alisema tupige kambi, kwa sababu mahotelini watu wazima wawili wasiokuwa na la kusema huishia kuangalia televisheni. Tulijaribu Mather kwanza, kelele zikamchosha. Toroweap aliipenda kwa sababu huko hakuna mtu wa kumkuta. Siku ile ya kwanza alifungua boksi, akatoa keki ya tufaha. Akasema, "Mama yako amekuokea. Hawezi kuja, lakini ameoka." Nilikata kipande, sikuona zabibu hata moja. Mama, nilikuwa nazitoa moja moja kwa kidole tangu nina miaka minne, ukawa unanipiga mkono. Nikasema, amekumbuka. Nilikwenda nyuma ya mwamba nikakaa huko mpaka macho yakauka.

Kila mwaka ilikuja keki. Kila mwaka nilimpa Baba salamu na shukrani zangu akuletee, na mwaka uliofuata ananiletea majibu yako. "Mama yako anauliza kama bado unafanya zamu za usiku hospitali." "Mama yako anasema ule vizuri." Gaylen alipotoka jela akaja naye. Baba akatuambia tusikuguse kwa simu wala kwa barua, kidonda bado kibichi, utakuja mwenyewe siku ukiwa tayari. Gaylen akipiga simu Krismasi hakunitaja kwa sababu hiyo. Tulikuwa tunakusubiri kwa adabu.

Msibani nilikuja. Nilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la Wendell. Nilisema nitaingia ukiniita. Ulikuja mpaka dirishani ukampa mkono, nami nikainama sakafuni kama mwizi, kwa sababu ghafla niliogopa uso wako. Ndiyo maana Wendell hakuingia kula. Hakutaka kuniacha peke yangu.

Sasa sijui miaka yote hii nilipatana na nani. Nilikuwa na mama aliyenisamehe, mwenye haya ya kuja tu. Nilimpenda sana mama huyo. Wendell amenieleza kwamba hakuwahi kuwapo, alikuwa ni Baba anayesema kwa sauti mbili. Nimemzika Baba mwezi wa tano, na wiki iliyopita nimemzika mwingine.

Sikudai kitu.

Nadine


Chino Valley
9 Novemba 1986

Nadine,

Nimesoma mpaka mwisho na sijaitupa.

Sitafanya kama baba yako. Sitakuambia uongo ili ulale vizuri. Keki ile sikukuokea wewe. Nilimwokea Wendell. Baba yako alisimama hapa jikoni akaniambia, "Usiweke zabibu, Wendell hazipendi," nami nikasema sawa. Nakiri kitu kimoja tu: niliposema sawa, alinijia akilini mtu mmoja aliyekuwa akizitoa kwa kidole, nikamfukuza upesi. Kila Oktoba nilimfukuza. Zaidi ya hapo sina la kukupa.

Salamu zile hazikuwa zangu. Ila aliniuliza, baba yako. Tukiwa tumekaa hivi alikuwa ananiuliza, "Unadhani wauguzi wanafanya zamu za usiku mpaka umri gani?" Nami namjibu bila kufikiri. Au, "Mtu akikonda hivi dawa yake nini?" Nasema, ale vizuri. Nilidhani ni mazungumzo ya uzee. Alikuwa anakusanya maneno kutoka kinywani mwangu anakuletea wewe. Nimekwenda kabatini nikaligombeza koti lake mpaka sauti ikaniisha.

Nimeduwaa, Nadine. Naamka nimeduwaa, nalala nimeduwaa. Nimeishi na mwanamume miaka thelathini na minane na sikumjua.

Lakini hasira yangu kwako haijafa, na hilo nalo sitakudanganya. Nina swali moja, na nimelibeba miaka kumi na miwili. Gaylen alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa amelewa, hakujua hata amegonga nini. Kwa nini ulikwenda moja kwa moja kwa sherifu? Kwa nini hukuja kwangu kwanza?

Mama yako


St. George
17 Novemba 1986

Mama,

Nilikuja kwako kwanza.

Sikutaka kamwe kukuandikia haya. Lakini umeuliza, na umesema hutaki uongo.

Asubuhi ile nilitoka zamu ya usiku. Njiani, kabla ya kona ya kwetu, nilikuta watu wamesimama, na mzee Celestino Baca amefunikwa blanketi kando ya barabara, mbwa wake amekaa pembeni. Mtu akasema gari lililomgonga limeacha vioo vya taa. Nikaja nyumbani mbio kukuambia. Niliingia kwa nyuma, kupitia zizini. Nikaiona pikapu ya Gaylen, taa moja imevunjika. Nikakuona wewe. Ulikuwa na gauni lako la kulalia na mabuti ya Baba, umeshika mpira wa maji, unaosha mbele ya gari. Ulichukua brashi ukasugua. Kisha ukaiosha brashi.

Sikuweza kukuita. Nilirudi nilikotoka.

Mchana nilikwenda kwa sherifu nikamwambia gari ni la Gaylen. Hilo tu. Sikusema nani aliliosha. Mahakamani mwendesha mashtaka alipouliza, Gaylen akasema hakumbuki kitu, lakini kama gari lilioshwa basi atakuwa ameliosha yeye. Wewe ulikuwa umekaa benchi la mbele. Mimi nilikuwa nyuma yako. Hakimu akasema mtu anayeua, akalala, akaamka akaosha gari, huyo hana moyo, na kwa ajili hiyo akamwongezea miaka. Nilisubiri usimame. Nikasubiri na mimi mwenyewe nisimame. Hakuna aliyesimama.

Baba nilimwambia, ile kambi ya kwanza. Aliutazama moto mpaka ulipokwisha. Kisha akasema, "Tusimwambie tunajua. Atakufa kwa aibu." Akarudi nyumbani kwako, Mama, akakaa meza moja na wewe miaka kumi, akijua.

Gaylen hajui mpaka leo.

Nadine


Chino Valley
2 Februari 1987

Nadine,

Nimechelewa kujibu. Baada ya barua yako nilikaa siku nyingi bila kuwasha hata redio. Thelma alidhani nina kiharusi, akaniletea supu na kunipungia kiganja mbele ya macho.

Kumbe baba yako alijua. Hilo ndilo lililonipiga kuliko yote. Nilikuwa namtazama ng'ambo ya meza anapaka mkate siagi, najiambia, angejua angeniacha. Naye alikuwa anajua, na anapaka siagi.

Na wewe pia. Nilikufukuza kwa sababu kila nilipokuona niliona mtu aliyefanya nilichoshindwa mimi. Nilidhani hakuna aliyeniona. Celestino Baca. Nimeliandika jina lake hapa. Katika nyumba hii sijawahi kulitamka.

Usimwambie Gaylen. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo, na nataka uwepo, ili nikianza kupindisha maneno unisahihishe.

Nimefikiria mahali. Hapa nyumbani hapana, uani ndipo palipotokea. Toroweap hapana pia. Pale ni penu na baba yenu, mlifurahi pale, sitaki kwenda kulimwaga neno hili juu ya jiko lenu. Halafu pale hakuna uzio, nami najua jinsi mtu anavyoweza kuondoka kwa hasira bila kuangalia anapokanyaga. Mather kuna watoto na muziki. Nimechagua Desert View, wiki ya mwisho ya Aprili. Nilikwenda mwezi uliopita kupaangalia. Kambi imefungwa kwa baridi, lakini nilitembea ndani kwa miguu, theluji ikifika kwenye vifundo, nikachagua nafasi ya mwisho chini ya mireteni. Kuna meza. Korongo halionekani ukiwa umekaa, mpaka usimame utembee. Ni afadhali hivyo. Mtu akihitaji kuacha kunitazama, ana mahali pa kwenda kutazama.

Mwambie Gaylen aje na gari lake mwenyewe. Asipande lako. Akitaka kuondoka asilazimike kumsubiri mtu.

Mama yako


Ely, Nevada
14 Juni 1987

Mama,

Mimi si mwandishi. Nadine ameniambia niandike hata mistari miwili.

Unajua niliondoka pale mezani bila kumaliza chai. Nilisimama pale mnarani mpaka walipofunga, kisha nikaendesha usiku kucha mpaka Ely. Samahani kwa hema, niliwaachia kulikunja wenyewe.

Nilikuwa na hasira na bado ninayo. Miaka ile ya nyongeza ilikuwa mirefu. Ulikuwa unakuja jela kule Florence kila mwezi unanitazama kwenye kioo, unaniuliza kama napata mboga. Hilo bado sijui niliweke wapi.

Lakini kuna jambo hukulijua, na hata Nadine sikumwambia. Yule mzee nilimuua mimi. Hilo nilishalikubali, na nitakufa nalo. Kilichonitisha ni ile asubuhi. Sikuikumbuka, nikaamini walivyosema. Kwamba niliamka nikiwa mtulivu, nikachukua mpira wa maji, nikasugua, nikaosha hata brashi. Miaka kumi na mitatu nimeishi na mtu huyo ndani yangu. Nikikata nyama kazini naitazama mikono. Kulikuwa na mwanamke hapa Ely, mtu mzuri, alitaka tuoane. Nilimkimbia. Nilijiambia siwezi kumwingiza mtu kwenye nyumba anayoishi mtu wa namna ile, hujui siku gani ataamka.

Uliposema, "Nilikuwa mimi," nilisikia masikio yanavuma. Nadine aliniuliza kama nakusikia. Nilikuwa nakusikia. Nilikuwa najaribu kuelewa kwamba mtu yule hakuwahi kuwepo. Nilikuwa nimelala tu, kijana mlevi, na mama yangu yuko nje ana hofu.

Sijui kama nimekusamehe. Nadine anasema nisiseme kitu nisichokijua, kwa hiyo sisemi. Oktoba tutakuwa Toroweap sisi wawili. Ukitaka kuja, njoo. Nitakuja kukusubiri pale lami inapoishia, uniachie usukani.

Ila nataka ujue hili. Tangu nirudi kutoka Desert View, nalala.

Gaylen